Mjadala: Mwalimu wa Kiingereza aandike vifungu vyake mwenyewe, au abaki na kitabu cha TET peke yake?

MWALIMU WA KIINGEREZA, ILEMELA

Wadau wa elimu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa jumla, habari za kazi.

Kwenye kikao cha walimu wa kata yetu tuligawanyika. Baadhi yetu tumekuwa tukiandika vifungu vya ufahamu na kutengeneza kadi za kufundishia Kiingereza kwa madarasa yetu. Wenzetu wakasema hiyo si kazi ya mwalimu wa darasani: kitabu cha kiada kinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kina ithibati, na anayeingia darasani na karatasi zake anawachanganya watoto. Hatukufikia mwafaka. Naleta hoja hapa kwa sababu inawahusu wazazi pia.

Msimamo wangu ni kwamba mwalimu apewe nafasi rasmi ya kuandaa vifungu na zana zake, kwa sharti kwamba karatasi isifike kwa watoto kabla ya kupitiwa na wenzake.

Sisemi kitabu cha TET kiwekwe kando. Kitabu kinabeba muhtasari wa somo, yaani mpangilio wa mada za kufundishwa, na bila muhtasari kila shule ingefundisha lake. Lakini kitabu hicho kimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa nchi nzima, na mtoto wa nchi nzima hayupo darasani kwangu. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024, Kiingereza kinaanza darasa la kwanza. Kabla ya hapo darasa la kwanza na la pili walijikita kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na Kiingereza kikaingia darasa la tatu. Sasa fikirieni mtoto wa kijijini Kwimba au Magu. Nyumbani ni Kisukuma, Kiswahili bado anakizoea shuleni, na Kiingereza kinamkuta hapohapo. Huyu anahitaji mazoezi ambayo mtoto wa Dar es Salaam hayahitaji. Kwa mfano, Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo watoto wengi wanasoma “rice” na “lice” kwa namna moja. Mimi nimetengeneza kadi za jozi kama hizo, picha upande mmoja na neno upande wa pili, na tunazicheza dakika chache mwanzoni mwa kipindi. Sioni kwa nini kitabu cha taifa kitumie kurasa zake kwa tatizo la kanda moja. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa kanda.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni vifungu vya kusoma. Mtoto akipewa habari ya mahali asipopajua, vitu asivyoviona na maneno asiyoyajua, anabeba mizigo mitatu kwa pamoja. Nikimpa habari ya dagaa, uzito wote unabaki kwenye lugha. Kifungu changu cha darasa la sita kinaeleza mitumbwi inavyotoka usiku wa giza na taa, dagaa wanavyofuata mwanga, wanavyoanikwa mchangani au kwenye chanja asubuhi, wanavyogeuzwa jua likiwa kali, wanavyojazwa kwenye magunia na kupelekwa Mwaloni, Kirumba. Kiingereza chake ni hiki: “Dagaa are caught at night. They are spread on the sand. They are turned at noon.” Kauli ya kutendwa inajirudia mstari baada ya mstari, na mtoto hahitaji kuulizwa mara mbili nini kinafuata nini, kwa sababu amekulia kwenye shughuli hiyo. Nikimaliza kusoma nawauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Hapo hata wanaokaa kimya siku zote wananyoosha mkono, kwa sababu wanajua dagaa walioloa wanavyoharibika na hasara anayopata mama.

Kipimo cha maneno nacho si cha kukisia. Watafiti wa usomaji wameonyesha kwamba msomaji anahitaji kujua walau asilimia 95 ya maneno ya kifungu ili akielewe kwa msaada kidogo, na karibu asilimia 98 akisoma peke yake. Yaani neno geni moja katika kila maneno 20, au moja katika kila maneno 50. Kifungu changu kina maneno 80 na mageni manne. Chukueni kifungu chochote mnachofundishia sasa, mhesabu wenyewe. Wazo hili si geni. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Dhaka miaka ya 1920, aliona watoto wa Kibengali wanazama kwenye vitabu vilivyojaa maneno mapya. Akaandika vya kwake palepale, akipunguza maneno mageni kila ukurasa na kuyarudia hadi yakae. Orodha yake ya maneno kama 2,000 ya msingi, iliyochapishwa mwaka 1953, ingali inatajwa na waandishi wa vitabu vya Kiingereza hadi leo.

Karibuni tujadili.

MZAZI, IGOMA

Mwalimu, nakushukuru kwa bidii yako, na sina shaka na nia yako. Lakini nakupinga.

Mwanangu yupo darasa la saba. Mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) ni mmoja, wa Mwanza na wa Masaki kule Dar es Salaam wanakaa siku ileile na karatasi ileile. Mwandishi wa mtihani hataandika habari za dagaa kwa sababu wewe unaishi kando ya ziwa. Ukimzoesha mtoto wangu kusoma anachokijua tu, siku akikutana na habari ya treni au ya jangwa atafanyaje? Lugha si ndiyo inayotupeleka kwenye tusivyovijua?

La pili nalisema kwa heshima. Si walimu wote wanaokijua Kiingereza kama wewe. Nimeona daftari la mtoto lenye sentensi ya Kiingereza isiyo sahihi, imeandikwa ubaoni na mwalimu, mtoto akaikopi na ikawekewa tiki. Kitabu angalau kimepita mikononi mwa wahariri. Leo ukisema kila mwalimu aandike, makosa ya mwalimu mmoja yanaingia kwenye vichwa vya watoto wa darasa zima, na hakuna atakayejua.

Na gharama? Tunaambiwa elimu bila ada, halafu mtoto anarudi na ujumbe wa hela ya kopi. Hapana.

MWALIMU, UKEREWE

Ndugu mzazi wa Igoma, hilo la hela ya kopi nakuunga mkono kabisa, mzazi asidaiwe. Huku kisiwani hata kopi zenyewe ni shida. Umeme ukikatika steshenari inafungwa, na rimu ya karatasi inapanda bei ikishavuka maji.

Kwa hiyo mimi situmii kopi. Natumia salfeti, ile mifuko ya nailoni ya kubebea nafaka. Nachukua mfuko mtupu, naufua, naufungua mshono, upande wa ndani mweupe naandika kifungu kwa maka peni kwa herufi kubwa, natundika ukutani. Mtoto wa nyuma anasoma. Hakichaniki kama manila, kinakunjwa, na mwaka unaofuata kinatumika tena. Darasa lililojaa halihitaji kopi kwa kila mtoto, linahitaji maandishi yanayoonekana.

Shida yangu ni muda, mwalimu wa Ilemela. Kuandika kifungu kizuri chenye maneno mageni manne tu ni kazi ngumu kuliko kuandika kirefu. Nina andalio la somo, azimio la kazi, madaftari ya kusahihisha, na zamu ya shule. Mkitaka kila mwalimu aandike vyake, wengi watanakili mtandaoni tu na kubadilisha majina. Bora vifungu vichache vinavyozunguka shule zote za kata.

MKUFUNZI MSTAAFU WA CHUO CHA UALIMU, NYAMAGANA

Nimesoma michango yote. Naongeza ya historia, maana tusipoikumbuka tutabishana upya kila baada ya miaka kumi.

Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kufuata masomo yao. Kilichofuata kilikuwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987, ukaleta shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Wanafunzi walivipenda. Nilichojifunza mimi ni kwamba mtoto anahitaji kusoma kingi, na chepesi. Kitabu kimoja cha kiada kwa mwaka, hata kingekuwa kizuri namna gani, ni maandishi machache mno kujenga lugha. Hapo ndipo hoja ya mwalimu wa Ilemela ina nguvu, hata kuliko alivyoieleza mwenyewe. Vifungu vya walimu visihesabiwe kama mbadala wa kitabu, vihesabiwe kama nyongeza ya usomaji ambayo haipo kabisa.

Kuhusu makosa, ndugu mzazi una haki ya kuogopa. Lakini ithibati peke yake haikutulinda. Mwaka 2017 vitabu vya kiada, cha Kiingereza kikiwemo, vilikutwa na makosa hadi suala likafika Bungeni. Kinachozuia makosa ni macho mengi kabla ya kuchapa, iwe Dar es Salaam au Buhongwa.

Nashauri pia msiogope Kiswahili pembeni mwa kifungu. Vyuo Vikuu vya Dodoma na Bristol viliwahi kushirikiana na wenzao kuandaa sura za mfano za vitabu vya kidato cha kwanza kwa Kiingereza chepesi, zikiwa na faharasa ya Kiswahili na kazi za kuzungumza. Mtoto anayepewa maana ya neno moja kwa Kiswahili anaendelea kusoma. Anayenyimwa anaacha.

MWALIMU WA KIINGEREZA, ILEMELA

Shikamoo mwalimu, na asante. Nawajibu wote kwa pamoja.

Mzazi, swali lako la treni na jangwa ni zito. Jibu langu ni kwamba ya dagaa ni ya kuanzia. Mtoto akishashika “are caught, are spread, are turned” kwa habari anayoijua, wiki inayofuata namletea habari ya pamba inavyochambuliwa, kisha ya chai ya Njombe ambayo hajawahi kuiona, kwa muundo uleule. Ya mwisho inatoka kwenye kitabu cha TET chenyewe. Tatizo letu ni kuanza na hiyo ya mwisho.

Mwenzangu wa Ukerewe, nimelipokea la muda na nimebadilisha pendekezo. Si kila mwalimu aandike. MEWAKA, yaani mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, imetupa jumuiya za ujifunzaji, tunakutana tayari. Mara nyingi tunatumia muda huo kujaza fomu. Tuutumie kuandika: kata moja, kifungu kimoja kila mwezi, mmoja anaandika, wawili wanasahihisha, na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya kata anapitia mwisho. Kwa mwaka kata ina vifungu vya kutosha darasa moja. Kwa wanaonakili mtandaoni, zipo hadithi za bure zenye leseni wazi, kama za African Storybook, zinazoruhusu kubadilishwa na kutafsiriwa mradi umtaje mwandishi. Nyingine zina wenyewe, tusiziguse.

Fedha: ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, na Sh 4,000 kati yake zinabaki serikalini kununulia vitabu. Kinachofika shuleni kinagombaniwa na chaki, ukarabati na mitihani. Naomba halmashauri iruhusu kwa maandishi sehemu ndogo itumike kwa karatasi, maka peni na salfeti za Kiingereza. Bila maandishi hayo, mwalimu mkuu ataogopa mkaguzi wa hesabu, na simlaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kuambiwa na mgeni wa ukaguzi nitoe kadi zangu ukutani kwa kuwa “si nyenzo rasmi”. Nilizitoa, na watoto waliziulizia muhula mzima.

MZAZI, IGOMA

Mwalimu, umenisogeza lakini hujanifikisha. Nakubali kwa darasa la kwanza hadi la tano, na kwa masharti yangu mawili. Juu ya kila kifungu iandikwe ni mada gani na ukurasa gani wa kitabu cha kiada kinachoenda nayo, ili na mimi nyumbani nifuatilie. Na majina ya walimu wawili waliosahihisha yaonekane chini. Darasa la sita na la saba, mniache na kitabu mpaka nione daftari za hao wadogo.

MWALIMU, UKEREWE

La majina mawili chini nalikubali. La darasa la sita sikubali, maana hao ndio wanaoingia sekondari ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, na ndio waliobakiwa na muda mchache. Tuendelee kujadili hapo.