Majirani: kifuko cha maji kichwani mwa mtoto

Mama Neema: Shikamoo Daktari. Mtoto mwenye kifuko cha tegu wa mbwa kwenye ubongo, kwa nini wasimchome sindano wanyonye maji, badala ya kufungua fuvu?

Dkt. Salim: Marahaba. Sindano hapana kabisa! Maji yale yamejaa vichwa vichanga vya tegu. Yakivuja, kila kimoja chaweza kuwa kifuko kipya. Tena mtoto anaweza kupata mzio mkali palepale, presha ikaanguka. Lazima kitoke kizima.

Nesi Halima: Kifuko cha ini ndicho huweza kuchomwa, tena kwa utaratibu wake. Hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Baba Amani: Kizima vipi, na ubongo umekizunguka?

Dkt. Salim: Kwa mbinu ya Dowling. Fuvu linafunguliwa dirisha kubwa kuliko kifuko. Mfupa uliokigusa mara nyingi umeshakuwa mwembamba, kwa hiyo keekee ianzie mbali kidogo.

Dkt. Salim: Ubongo wa juu unachanwa angalau robo tatu ya upana wa kifuko. Kikiwa cha sentimita 8, mchano ni 6. Ukiwa mfupi kinabanwa njiani na kupasuka. Kisha mrija laini wa mpira unapenyezwa kati ya kifuko na ubongo, salaini ya vuguvugu inasukumwa polepole, huku na huku. Meza inainamishwa upande wa kichwa, kifuko kinateleza chenyewe kwenye bakuli. Koleo haligusi.

Nesi Halima: Wala mashine ya kuunguza mishipa isikaribie. Utando ule ni laini mno. Pamba zenye maji zizungushwe pembeni, na adrenalini iwe tayari kwenye bomba la sindano, kwa ajili ya ule mzio.

Mama Neema: Na kikipasuka?

Dkt. Salim: Kunyonya haraka, kuosha kwa maji ya chumvi kali, halafu albendazoli, dawa ya minyoo, kwa miezi.

Nesi Halima: Dozi yake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, imegawanywa mara 2, pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo haifyonzwi vizuri. Daktari ndiye anayeandika, na damu ipimwe: ini na chembe nyeupe.

Mama Neema: Likibaki shimo je?

Dkt. Salim: Linajazwa salaini kabla ya kufunga. Likiachwa tupu ubongo unabonyea, mishipa ya juu inakatika, damu inakusanyika. Degedege pia lifuatiliwe.

Baba Amani: Na mbwa wa nyumbani?

Nesi Halima: Apewe prazikwanteli, dawa ya tegu, angalau mara 4 kwa mwaka, na asipewe maini wala mapafu mabichi ya kondoo.