Urefu wa kitovu: una madhara gani kwa mama na mtoto?

Mama Mtarajiwa:
Habari zenu. Nina mimba ya wiki 34, na kwenye ultrasaundi nimeambiwa kwamba kitovu kimemzunguka mtoto shingoni mara moja. Mama mkwe anaamini kimerefuka kwa sababu ninainua mikono kuanika nguo. Naomba wenye ujuzi wanieleze urefu huo hutokana na nini, na kama inanipasa kuomba upasuaji.

Mkunga Mstaafu:
Pole kwa wasiwasi, mwanangu. Endelea kuanika nguo zako. Kitovu cha mtoto aliyetimiza miezi huwa na sentimita 50 hadi 60 hivi, na anayekirefusha zaidi ni mtoto mwenyewe, kwa kuwa kila anapogeuka na kurusha miguu hukivuta, nacho hukua. Sehemu kubwa ya urefu huo hupatikana kabla ya wiki ya 28. Kuzungukwa shingoni ni jambo la kawaida mno, na wengi wa watoto hao huzaliwa salama, kwani mtoto aliye tumboni hapumui kwa koo bali hupata oksijeni kwa damu inayopita kitovuni, ambamo mishipa imezungukwa na ute mzito unaoikinga isibanwe. Kichwa kikishatoka, mara nyingi mkunga hukipitisha kitovu juu ya kichwa, basi. Hiyo peke yake si sababu ya kupasuliwa.

Baba wa Wawili:
Shikamoo mama. Je, kwa nini ultrasaundi isitaje urefu wenyewe, ili tujue mapema?

Mkunga Mstaafu:
Marahaba. Kitovu hujikunja na kujificha nyuma ya mwili wa mtoto, hivyo hakipimiki kwa uhakika mpaka mtoto azaliwe. Kirefu mno huongeza uwezekano wa kujifunga fundo, au kutangulia kutoka mara chupa inapopasuka. Hilo la pili ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu kichwa hukibana kitovu na damu ikakatika; mama apige magoti, ainamishe kifua na kuinua makalio, asikiguse kitovu, na afikishwe hospitali bila kuchelewa. Kifupi mno, yaani chini ya sentimita 35 hivi, kimehusishwa na mtoto kuchelewa kushuka na kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati, jambo linaloweza kumtoa mama damu nyingi. Wakati mwingine ufupi huo ni dalili kwamba mtoto hakucheza vya kutosha tangu mwanzo.

Mama Mtarajiwa:
Ahsante sana, mama. Basi niangalie nini nikiwa nyumbani?

Mkunga Mstaafu:
Angalia mtoto anavyocheza, maana wewe ndiye unayeijua desturi yake. Ukihisi amepunguza, usingoje tarehe ya kliniki wala usikubali kuambiwa kwamba amechoka. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku, mapigo ya moyo wake yasikilizwe. Ukitokwa na damu, au chupa ikipasuka, nenda vilevile, na uwaeleze wahudumu walichokiona kwenye ultrasaundi.