Tiba ya sindano na mitishamba ya Kichina kwa maumivu sugu

Swali: Ndugu zangu, mama yangu anasumbuliwa na maumivu sugu ya mgongo, naye hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Je, tiba ya sindano (akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa) na mitishamba ya Kichina vitamfaa bila kumdhuru?

Jibu la 1: Pole sana. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba sindano hupunguza kwa kiasi maumivu sugu ya mgongo, shingo na goti, ingawa haziondoi chanzo chake.

Jibu la 2: Mimi nahofia zaidi mitishamba. Danshen, mmoja wa mitishamba hiyo, huongeza nguvu ya warfarini, hivyo mgonjwa anaweza kuvuja damu, na mimea ya jamii ya Aristolochia, ambayo wakati mwingine huchanganywa bila kutajwa, huharibu figo na kusababisha saratani. Tafadhali, asinywe chochote kabla daktari wake hajakiona.

Jibu la 3: Naunga mkono. Hata mchoma sindano aelezwe kuhusu warfarini, na atumie sindano mpya zilizotakaswa.