Tupeane uzoefu: uwakili mwaminifu katika mali isiyo yetu

Mwanzisha mada:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la uwakili makanisani kwetu mara nyingi huishia kwenye fungu la kumi na bahasha ya ahadi, ilhali Luka 16:12 inatuuliza juu ya uaminifu katika mali ya mtu mwingine. Naomba kila mmoja asimulie lililompata mwenyewe.

Naanza mimi. Nilipokuwa mhazini wa jumuiya, michango ilikuwa ikiingia kwenye simu yangu, salio moja na fedha zangu. Jioni moja gesi iliniishia, nikalipa shilingi 24,000 huku nikijua kabisa kwamba zangu ni 9,000 tu. Nilizirudisha baada ya siku tatu na hakuna aliyejua, lakini kwa siku hizo tatu jumuiya ilikuwa imenikopesha bila kuulizwa. Niliandika deni hilo kwenye daftari, nikalisoma kikaoni, na tukaamua kusajili laini ya jumuiya. Mzee mmoja aliuliza tu kama hiyo gesi bado ipo.

Mchangiaji wa 2:
Mimi ni dereva wa gari la ofisi. Kituoni, baada ya kujaza lita 30, mhudumu huuliza, "Niandike ngapi?" kwa sauti ile ile ya kumuuliza mtu kama anataka chai. Mara ya kwanza nilipomjibu aandike 30, alidhani sijamwelewa, akarudia swali. Wenzangu wawili walininunia kwa muda mrefu, kwa sababu risiti zangu zilifanya zao zianze kutiliwa shaka, na sitaficha kwamba upweke ule ulinichosha kuliko njaa ya mwisho wa mwezi.

Mchangiaji wa 3:
Natunza kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba, cha watoto wa marehemu kaka yangu, huku Kilimanjaro. Kahawa nilikuwa naiandika kilo kwa kilo, na fedha yake yote ikaenda kwenye ada, hata nikaanza kujiona mtumwa mwema wa ile habari ya talanta. Ndizi zilikuwa zinaliwa nyumbani kwangu, na majani yake yanakwenda kwa ng'ombe wangu. Likizo iliyopita yule mkubwa, aliye kidato cha pili, alilipitia daftari taratibu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Baba mdogo, ndizi huwa zinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ndizi zina ukurasa wake.