Matatu, tuktuk au bodaboda: shangazi yangu atausamehe usafiri upi Mombasa?

Msafiri wa Voi
Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Wiki ijayo nitashuka kwenye treni ya SGR pale Miritini nikiwa na shangazi yangu, mama wa miaka 67 mwenye goti bovu na ulimi mzima, na tutakuwa na siku moja ya kutembea kisiwani kabla ya kuvuka kwenda kulala kwa jamaa zetu Likoni. Nimeshindwa kuamua baina ya matatu, tuktuk na bodaboda. Nauli naweza kuiulizia stejini. Ninachokitaka kwenu ni vile vitimbi ambavyo mgeni haambiwi mpaka vimkute.

Bi Mkubwa wa Kibokoni
Mwanangu, chukua tuktuk. Haina ngazi ya kulitesa goti, mnakaa wawili kwa raha kwenye kiti cha watu watatu, nayo huingia hata vichochoro ambavyo matatu haithubutu. Ila haina milango, na hilo ulitie akilini. Mimi nilitoka Kongowea na sufuria ya pilau ya arusi mapajani, na tulipokuwa juu ya daraja la Nyali upepo ukakiinua kifuniko, kikatua barabarani na kuviringika kama gurudumu lililopata uhuru wake. Mwendesha bodaboda mmoja, Mungu amjaalie, alikiokota akaanza kutufuata huku akikipunga hewani, lakini dereva wetu, ambaye nadhani alikuwa na madeni yake, alipomwona kwenye kioo alikanyaga mafuta badala ya breki. Tulifukuzana hivyo mpaka Buxton, mimi nimelikumbatia pilau kwa ncha ya buibui, nikipiga kelele ambazo dereva alizidhania ni za kumhimiza aongeze mwendo.

Mwalimu Mstaafu
Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, kisa chako mwenyewe kinakupinga. Mimi naitetea matatu, kwa kuwa ni rahisi na ina mlango unaofungwa, ingawa nakiri kwamba mgeni anapaswa kwanza kujifunza majina ya steji. Mwaka 2004, sheria za Michuki zilipotulazimisha sote kufunga mikanda, nilipanda matatu Bamburi kwenda mjini, na utingo akawa anaita kwa sauti kubwa, "Tayari! Tayari!" Nilifunga mkanda nikaketi wima kama mtu anayesubiri kuruka kwa ndege. Baada ya dakika kumi akaita tena, nami nikaukaza mkanda. Mara ya tatu uvumilivu ulinishinda, nikamwuliza, "Kijana, ikiwa ni tayari, mbona hatuondoki?" Akanijibu kwa upole, "Mzee, Tayari ndiko tunakokwenda. Kuondoka bado hatujawa tayari." Abiria walicheka mpaka dereva akazima redio ili naye asimuliwe. Kwa hiyo mweleze shangazi mapema kwamba Mwembe Tayari ni mahali, na kwamba utingo anayeita "Saba Saba" hatangazi nauli ya shilingi 77.

Kijana wa Bodaboda
Hii ndiyo kazi yangu, na hata hivyo sikushauri. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, kwa hiyo mtalazimika kuchukua mbili na kutengana. Tena sisi wenyewe tuna kasoro zetu: siku moja nililipakata begi la mteja pale Tudor, nikaondoka nikimsimulia habari za mpira, na nilipofika Makupa nikisubiri maoni yake ndipo nilipogundua kuwa hakuwa amepanda. Alinifikia baadaye kwa tuktuk, akanilipa nusu ya nauli, akisema kwamba begi ndilo lililosafiri.

Mkaazi wa Likoni
Mnabishana kuhusu magurudumu na mmesahau maji. Kutoka Miritini mngeweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu msiione feri kabisa, lakini shangazi atakikosa kisiwa. Shukeni Feri mapema, kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu jioni watu wote waliofanya kazi mjini huwa wanarudi ng'ambo kwa pamoja, na umati ule lango linapofunguliwa haumjui mwenye goti. Msishangae feri ikisimama kuipisha meli inayoingia bandari ya Kilindini. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba anayevuka kwa miguu halipi chochote. Mgeni wangu mmoja kutoka Kitui hakulijua hilo. Alitafuta dirisha la tiketi, akamwona mzee mwenye sinia, akampa shilingi 50 na kupokea kashata tano. Alizibana vidoleni foleni nzima, sukari ikiyeyuka kwa joto, na askari alipomtazama alimnyooshea zote tano. Askari alichukua moja, akamwambia apite.

Mwalimu Mstaafu
Angalau feri ina majina yasiyochanganya watu.

Msafiri wa Voi
Nimerudi kutoa taarifa. Kutoka Miritini tulipanda matatu, na utingo alipoita "Tayari" shangazi alimjibu, "Sisi bado, ngoja nifunge mkanda," gari zima likacheka nisijue kama alikuwa anatania. Mjini tulitumia tuktuk, na hapo Bi Mkubwa ameshinda, kwa kuwa goti halikulalamika hata mara moja. Ulimi ulilalamikia nauli, lakini huo ungelalamika hata tungebebwa bure. Ushahidi ni pale Feri. Nilimweleza mara tatu kwamba kuvuka hakulipiwi, akaniambia hakuna mji mkubwa kiasi hiki unaompeleka mtu mahali bure. Alinunua kashata mbili, akakataa kuzila, akazishika mkononi mpaka tulipofika ng'ambo.