Siasa uwanjani: mbona ni kosa la mchezaji peke yake?

Novemba iliyopita, bandani kwetu Malindi, tulikuwa tukingoja mechi ya Uingereza ianze. Wachezaji wakatoka na lile ua jekundu kifuani, la kuwakumbuka wanajeshi wao. Maneno yakaenda hadi kwa Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyepiga goti wimbo wa taifa ukipigwa mwaka 2016 kupinga polisi kuwaua watu weusi, na tangu 2017 hakuchezea timu yoyote ya ligi yao. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Mchezaji analipwa acheze. Siasa aiache nyumbani." Mpira ukaanza, hatukumaliza. Nayaleta hapa.

Mzee wangu, na lile ua je? James McClean, mwanasoka wa vilabu vya Uingereza, mzaliwa wa Derry huko Ireland ya Kaskazini, alianza kulikataa mwaka 2012. Mjini kwao, mwaka 1972, wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi raia waliokuwa wakiandamana. Mwaka 2014 alieleza kwa barua kwamba lingekuwa la waliokufa katika zile vita mbili kuu tu, angelivaa. Hata hivyo alizomewa miaka nenda miaka rudi. Waliolivaa hakuna aliyewauliza kitu. Yeye aliyekataa ndiye akaambiwa kaleta siasa.

Huko Marekani mambo yalizidi. Mwaka 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti kuonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa ikizilipa timu mamilioni ya dola, na ndani ya mikataba hiyo mlikuwa na zile hafla za kuwatukuza wanajeshi uwanjani. Baadaye NFL, ligi ile ya Kaepernick, ikarudisha zaidi ya dola 700,000. Fikirieni shabiki aliyesimama mkono kifuani, machozi yanamtoka, kumbe hafla imelipiwa kama tangazo la sabuni. Huyo ndiye aliyefanyiwa siasa bila kuambiwa.

Nakubali hoja moja ya mzee: kila mtu akija na lake, mpira utageuka mkutano wa hadhara. Nimeyaona kwa macho yangu, katika fainali ya kombe la mtaani hapahapa. Timu zilipangwa mstari juani zikimngoja mgeni wa heshima, jezi zote zina picha yake mgongoni. Kipa wetu alikuwa na goti limefungwa bandeji, akakaa mchangani. Mshereheshaji akamkemea kwa spika: "Wewe kipa, simama! Huna heshima?" Kijana akainuka, akasimama kwa mguu mmoja, kashika bega la mwenzake. Mgeni alipofika alihutubia mpaka kipindi cha pili kikakatwa dakika 15 kwa sababu ya giza. Na bado sikusikia mtu akisema siasa imeingia uwanjani.

Msidhani naudharau wimbo wetu wa taifa hapa Kenya. Tuni yake imetoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, majirani zetu, katika wimbo wa mama kumbembeleza mtoto. Kila ninapoukumbuka huo mwanzo wake, nausimamia kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana naona uchungu wimbo ukigeuzwa fimbo.

Mwaka 1996 Mahmoud Abdul-Rauf, Muislamu aliyechezea timu ya mpira wa kikapu ya Denver Nuggets, alikataa kuusimamia wimbo wa Marekani. Akafungiwa mechi moja bila malipo. Kisha wakaafikiana: atasimama, lakini ataomba dua yake kimya. Dua hiyo ya kimya ilimuumiza nani?

Rai yangu: wimbo wa taifa upigwe timu ya taifa inapocheza, mechi za vilabu na za mitaa zibaki mpira. Na popote utakapopigwa, asiyesimama asiadhibiwe, madhali hamzuii mwenzake kusimama. Picha za waheshimiwa kwenye jezi nazo zitoke.

Wenzangu wa Lamu, Watamu, Mambrui, mnasemaje? Hasa nyinyi mnaosimamia makombe ya mitaa: yule kipa mngemwacha akae?