Naomba ushauri: Je, handikapu ya gofu inaonyesha uwezo halisi wa mchezaji?

Ndugu zangu, ninaishi Tabora na hucheza gofu ninaposafiri kikazi kwenda Dar es Salaam au Arusha. Katika mfumo wa kimataifa ulioanza mwaka 2020, handikapu, yaani namba inayosawazisha ushindani kati ya wachezaji wa viwango tofauti, ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, baada ya matokeo kurekebishwa kulingana na ugumu wa uwanja. Kwa hiyo naona inapima siku njema za mchezaji, wala si mchezo wake wa kawaida. Je, kwa mtu ambaye raundi hizo humchukua muda mrefu kukusanyika, namba hiyo bado inaaminika anapopangwa na wanaocheza kila wiki? Naomba wazoefu mnishauri iwapo niombe kamati ya klabu iipitie upya kabla ya mashindano.